Walisema Nimembemenda Mwanangu, Kumbe Ni Ngano!

Kama umewahi kulea mtoto Kigoma, au popote pale Tanzania, neno kubemenda unalijua. Mtoto akidhoofu, miguu ikawa kama vijiti na tumbo likajaa, watu hawaulizi anakula nini. Wanauliza mama yake analala wapi. Imani ni kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, au wazazi wakirudiana kitandani mapema, basi mtoto ananyong'onyea. Na ingawa kitanda kina watu wawili, lawama mara nyingi inamwangukia mwanamke.

Mimi nililibeba neno hilo karibu miaka miwili. Leo naliandika bila aibu, kwa sababu najua wapo wenzangu wanaolibeba sasa hivi, na huenda jibu lao haliko chumbani kabisa. Huenda liko kwenye sahani ya mtoto.

ALIANZA VIZURI TU

Binti yangu alizaliwa mwaka 2017 akiwa na kilo 3.2. Miezi sita ya kwanza alinyonya tu, na kwenye kadi ya kliniki mstari wake wa uzito ulipanda vizuri katika rangi ya kijani. Manesi walikuwa wananisifia.

Alipotimiza miezi sita tukamwanzishia uji. Si unaujua ule uji wa lishe wa mtaani? Mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, mchele na ngano, vyote vinapelekwa mashineni kwa pamoja. Akaupenda. Baadaye zikafuata chapati, maandazi, na mkate wa kuchovya kwenye chai. Nyumba nyingi za Ujiji chai bila kitafunwa si chai, na kitafunwa chenyewe mara nyingi ni cha ngano.

Alipofikisha mwaka na miezi kama miwili hali ikaanza kubadilika. Akawa anapata choo mara tatu nne kwa siku, kingi, laini, cha rangi iliyopauka, kina mafuta mafuta na harufu ya kukimbiza watu. Tumbo likavimba kama ngoma huku makalio yakinywea. Nywele zikawa nyepesi. Na hasira, jamani! Mtoto aliyekuwa anacheka na kila mtu akawa wa kulia kutwa nzima, hataki kubebwa, hataki kucheza. Mstari wa kadi ukatoka kwenye kijani, ukaingia kijivu, ukagusa nyekundu.

Siku alipotimiza miaka mitatu alikuwa na kilo 9.4 na urefu wa sentimeta 84. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa umri huo anatarajiwa kuwa na karibu kilo 14 na sentimeta 95. Nguo zake za mwaka uliotangulia zilikuwa bado zinamtosha.

HOSPITALI NA KIBARAZANI

Usidhani tulikaa tu. Alipimwa minyoo, akapewa dawa. Akapimwa choo mara mbili, akapimwa kifua kikuu. Tukapimwa virusi vya UKIMWI wote watatu, baba, mama na mtoto. Hivyo ni vipimo vya maana kabisa kwa mtoto asiyekua, na nashukuru vilifanyika. Majibu yote yalikuwa salama. Damu tu ndiyo ilikuwa chini kila mara, na dawa za kuongeza damu zilikuwa kama zinapita bila kufanya kazi.

Katika zahanati moja mhudumu aliangalia kadi, akaniangalia mimi na kitenge changu kizuri, akasema, "Mama, mbona wewe umependeza hivyo? Mlishe mtoto. Mpe mkate, mpe biskuti, apate nguvu." Tukanunua mkate kila siku. Mtoto akazidi kuharisha.

Kibarazani nako maneno yakawa mengi. Mama mkwe hakuwahi kunitamkia usoni, lakini alianza kuleta dawa za kumwogesha mtoto, zile ambazo kila mwanamke wa huku anajua ni za nini. Majirani wakawa wananyamaza nikipita. Mume wangu ananunua dagaa Kibirizi na kuwasafirisha bara, kwa hiyo kuna siku anakuwa safarini wiki nzima. Basi wapambe wakapata pa kushikia. Yaani mume hayupo, mtoto anakonda, wewe jumlisha mwenyewe!

Usiku mmoja aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu, kama kuna jambo niambie tu. Nitakusamehe." Hakupiga kelele wala hakunitukana, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Msamaha wa kosa ambalo hujalitenda ni mzigo mzito. Nilimjibu, "Baba, mimi sina cha kukuambia. Tutafute mtoto anaumwa nini." Tangu hapo tukawa tunaishi kama wapangaji, salamu asubuhi na salamu jioni.

SIMU KUTOKA MASKATI

Ukoo wa mume wangu una mchanganyiko wa Kimanyema na Kiarabu, kama zilivyo familia nyingi za Ujiji. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara katika karne ya 19, na watu wa Oman na Unguja walioa na kubaki. Mpaka leo familia kama hizo zina ndugu Oman. Wifi yangu mmoja ameolewa Maskati. Kusema kweli hatukuwa marafiki, alikuwa na maneno makali tangu siku ya harusi yetu.

Mwaka 2020 aliona picha ya mtoto kwenye simu ya kaka yake akanipigia mimi moja kwa moja. Nikajiandaa kwa matusi. Badala yake akauliza, "Wifi, choo chake kikoje? Kinaelea? Kinanuka sana? Na anakula mkate?" Nikamweleza kila kitu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu wa pili alikuwa hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa siliaki. Usimwachishe mkate kwanza, mpeleke akapimwe damu."

Nilishangaa. Kama ni mkate, kwa nini nisiuache leo leo? Akanielewesha jambo ambalo naomba kila mama alishike. Kipimo cha ugonjwa huu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza pale mtu anapokula ngano. Ukiacha ngano kwanza, baada ya muda kingamwili zinashuka na kipimo kinaweza kusema mtoto ni mzima. Utabaki unabahatisha maisha yako yote.

HUU UGONJWA NI NINI HASA?

Daktari wa watoto aliyetupokea baadaye alinichorea kwenye karatasi. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana, mithili ya zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Kwa watu wengi haina shida yoyote, ndiyo hiyo hiyo inayofanya chapati ivutike. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika tumboni kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuushambulia utumbo wenyewe. Vinyweleo vinalala, zulia linabaki kama sakafu. Chakula kinapita bila kufyonzwa, hata ale vipi. Ndiyo maana damu inapungua, mifupa inakosa madini na mtoto hakui.

Kwa hiyo siyo mzio wa kuwashwa ngozi, wala hauambukizi. Mtu anazaliwa na vinasaba vinavyomwezesha kuupata, na ngano ndiyo inayouwasha moto. Duniani unakadiriwa kuwapata watu karibu 1 katika kila 100. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara umefanyiwa utafiti kidogo sana, na unafikiriwa kuwa nadra zaidi. Lakini kaskazini mwa bara letu mambo ni tofauti. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba kati ya watoto karibu 1,000 wa Sahara Magharibi waliowapima, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Hao ni watu ambao ngano ni chakula chao kikubwa.

Historia yake nayo inafundisha. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliandika kwamba amewaponya watoto wa namna hii kwa kuwalisha ndizi. Watoto walipata nafuu kweli, na dunia ikaamini ndizi ni dawa. Kumbe siri haikuwa ndizi, ilikuwa ni mkate aliowakataza. Aliyefumbua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Uholanzi ikakumbwa na njaa na mkate ukaadimika. Watoto wengine walidhoofika, lakini wale wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuumwa. Mwaka 1950 akaandika utafiti wake, na tangu hapo tiba inajulikana: kuacha gluteni moja kwa moja, maisha yote.

SAFARI YA DAR

Tulikwenda wote watatu, kwa treni ya reli ya kati, karibu siku mbili njiani. Nilifunga vitenge dukani nikauza kwa bei ya hasara ili nauli ipatikane. Kwenye mfuko nilikuwa na mkate wa kutosha, na kila alipokula nilikuwa nageukia dirishani.

Hospitalini alitolewa damu, na majibu yakaonyesha kingamwili ziko juu sana. Kisha wakamlaza usingizi na kumpitishia kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, wakachukua vipande vidogo vya kuangalia kwa hadubini. Zulia lilikuwa limelala kabisa. Daktari akasema, "Mama, mtoto wako anakula vizuri. Utumbo wake ndio uliokuwa haupokei." Nililia pale pale mbele ya wanafunzi wa udaktari.

Akatuambia pia kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi na watoto wenzake, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao, karibu 1 katika kila 10. Tukapimwa. Mimi sina. Mume wangu, ambaye tangu utoto analalamika gesi na damu kuwa chini, anao.

Hapo, shosti, shetani alinipitia na masikio yote mawili. Miaka miwili nimeitwa mchafu, kumbe ugonjwa ni wa kwao! Nilikuwa na kila sababu ya kurudi Ujiji na tarumbeta. Lakini nilimtazama yule mwanaume amekaa kwenye benchi, ameshika karatasi ya majibu, midomo inamtetemeka. Akasema, "Nimempa mimi." Nikamwambia, "Hukumpa kwa kupenda. Macho yake mazuri nayo umempa wewe." Tulishikana mikono tukatoka nje kutafuta chakula. Tukala wali na samaki wa kuchoma. Ndiyo ilikuwa siku ya kwanza bila ngano.

DAWA ILIKUWA ZIWANI NA SHAMBANI

Maduka makubwa ya Dar yana tambi na biskuti za kutoka nje zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Bei zake sasa, utadhani zimetengenezwa kwa dhahabu. Nilinunua pakiti moja tu, kwa udadisi. Kwa nini nihangaike wakati nimetoka Kigoma?

Hebu hesabu mwenyewe. Ugali wa muhogo hauna gluteni. Mahindi, mchele, mtama na ulezi havina. Ndizi, viazi, maharage ya Kasulu, karanga, mayai, maziwa, hakuna. Dagaa, migebuka na kuhe wa Ziwa Tanganyika hawana. Chakula alichokula bibi yangu ndicho alichoandikiwa mwanangu na daktari bingwa.

Ila usidanganyike kwamba kuondoa ngano peke yake kunakuza mtoto. Muhogo ni wanga mtupu. Ukimpa ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi atadumaa vile vile. Kinachojenga mwili ni dagaa, ambao mtoto anawala na mifupa yao hivyo anapata protini na madini ya chokaa, pamoja na maharage, kisamvu na yai. Mawese mekundu yana kiini cha vitamini A. Na muhogo mchungu lazima ulowekwe na kukaushwa sawasawa kabla ya kusagwa, maana una sumu. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, dagaa wakapanda bei na tukaegemea maharage, karanga na mayai.

Mtihani mkubwa ulikuwa mashine ya kusaga. Mashine ikitoka kusaga ngano kisha ukaingiza muhogo wako, unga wako umeshachafuka, na kidogo tu kinatosha kumuumiza mwenye siliaki. Samaki wa kukaanga mtaani wengine wanapakwa unga wa ngano. Katlesi zinaviringishwa kwenye chenga za mkate. Bagia za dengu wengine wanaziongeza ngano. Vinywaji vya kimea vinatokana na shayiri. Mafuta yaliyokaangia maandazi hayafai kukaangia chakula chake.

Na hapa ndipo mama mkwe alipoingia. Mume wangu alimweleza mwenyewe, mimi sikusema neno. Bi mkubwa alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta uani kwake, kinu kimeoshwa, anatwanga makopa. Akasema, "Unga wa mjukuu wangu hautakwenda mashineni tena." Hakuomba radhi na sikumdai. Ila Ramadhani iliyofuata futari nzima nyumbani kwake ilipikwa bila ngano. Vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina, mihogo ya nazi, uji wa mchele. Wageni walikula wakaramba vidole, hakuna aliyeuliza chapati.

AKAANZA KUKUA

Hasira ndiyo ilitangulia kuondoka. Wiki ya tatu alicheka, nikamwita baba yake aje asikie. Choo kikatengemaa mwezi wa pili. Damu ikapanda kwa dawa zile zile zilizokuwa zinapita bure. Baada ya mwaka mmoja, alipotimiza miaka minne, alikuwa na kilo 12.8 na sentimeta 93. Ameongeza sentimeta 9 ndani ya mwaka! Daktari alituambia mtoto wa namna hii akitibiwa mapema anakimbia kufidia alichopoteza, na kweli alikimbia. Alipoingia darasa la kwanza alikuwa bado miongoni mwa wadogo, lakini siyo wa kuonyeshewa kidole.

Mapambano hayajaisha. Watoto wanapeana biskuti shuleni, harusini watu wanakula sinia moja, keki za siku ya kuzaliwa ndiyo usiseme. Sasa anajua kusema mwenyewe, "Shikamoo shangazi, ahsante, mimi ngano inaniumiza tumbo." Mashangazi wengine wananuna. Wacha wanune.

KABLA HUJAFUNGIA MKATE KABATINI

Nisieleweke vibaya. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa 2018 ulionyesha kwamba mkoani Kigoma asilimia 42.3 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa, takwimu za 2022 zinasema ni asilimia 30. Wengi mno kati yao hawana siliaki. Wanakosa chakula mchanganyiko, wanaumwa malaria na kuhara mara kwa mara, au mama alikuwa na lishe duni wakati wa ujauzito. Kumwondolea mtoto huyo mkate bila kipimo ni kumnyang'anya hata kile kidogo alichonacho. Kuacha ngano siyo fasheni ya kuiga, ni tiba ya ugonjwa maalumu.

Lakini kama mtoto wako aliharibika baada ya kuanza kula vya ngano, choo ni kingi na kina mafuta, tumbo limejaa, damu haipandi kwa dawa, na minyoo, kifua kikuu na UKIMWI vimeshapimwa, basi mwulize daktari jina hilo: siliaki. Taja kama kwenye ukoo kuna mwenye nao, au mwenye kisukari kile kinachoanza utotoni, kwa kuwa magonjwa haya yanapenda kufuatana. Na usimwachishe ngano kabla ya kupimwa.

Na ninyi akina baba, nina ombi moja. Siku mtoto atakapoanza kukonda, kabla ya kumwuliza mkeo alikuwa na nani, muulize mtoto kala nini. Halafu shika kadi ya kliniki wewe mwenyewe, panga foleni pamoja na mama yake. Wangu alifanya hivyo akiwa amechelewa kidogo, na bado ilitosha. Tukapata mtoto, na sisi wenyewe tukaacha kuwa wapangaji.